Kioo Juu ya Ufa

Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Kabla hujaanza kulia, soma mstari huu mara mbili: wote tuko hai. Baba yuko hai, mama yuko hai, mimi na wanangu tuko hai. Hata yule paka mwizi wa jirani yuko hai, ingawa yeye tungemruhusu aende.

Najua umepiga simu mpaka kidole kimechoka. Mnara umelala kifudifudi juu ya paa la posta, na mafundi wanasema hawawezi kuleta mwingine mpaka barabara ifunguliwe. Barua hii nampa dereva wa lori la saruji. Nguzo moja ya daraja imezama, magari hayapiti, kwa hiyo atavuka kwa miguu na kumpa mwenzake wa ng'ambo. Itafika itakapofika.

Tetemeko lilitukuta mchana. Nilikuwa kwenye cherehani. Kwanza ulikuja mngurumo, kama gari zito linapita chini ya sakafu, halafu cherehani ikaanza kutembea yenyewe. Nilitoka mbio na mkasi mkononi na gauni la mteja shingoni. Huko nje barabara ya sokoni ilikuwa imechanika katikati, upande mmoja umeshuka kufika magotini. Uwanja wa shule umefunguka ufa ambao watoto wanautupia mawe ili wasikie kama yatafika chini. Bomba kuu limepasuka na visima vimegeuka tope. Nyumba za mtaa wa nyuma zimelala zote. Tumezika watu, na leo sina nguvu ya kukuandikia ni akina nani.

Nyumba yetu imesimama. Chini, kwenye duka la vioo la baba, hakuna kioo hata kimoja kilichobaki kizima. Ukikanyaga unasikia kama unatembea juu ya sukari. Juu, chumbani kwa mama, ukuta wa upande wa barabara una ufa kutoka kona ya dirisha mpaka darini, na kidole changu kinaingia. Kitanda cha mama kiko palepale chini yake. Unakijua chumba chenyewe, hakina pengine pa kukiweka.

Injinia wa manispaa alikuja. Akaokota kipande cha kioo cha dirisha letu, akakimenyua kingo kwa koleo, kidogokidogo, mpaka kikawa chembamba kama rula, akakibandika kwa saruji juu ya ufa, ncha moja huku na nyingine kule. Akasema kioo hakijui kuvumilia: ukuta ukisogea kidogo tu, kitapasuka. Kikipasuka, watu watoke siku hiyohiyo bila kusubiri chochote. Kikidumu kizima, atakuja kutuambia namna ya kuuziba ufa.

Mimi sikutaka kusubiri kioo. Manispaa imetupa hema uwanjani na nimeshahamia na wanangu. Baba hataki kusikia. Unakumbuka mama alipotoka hospitali baada ya kile kiharusi, alisema humu hatatoka tena ila kwa jeneza? Baba ameyashika maneno hayo kama amri ya jeshi. "Mama yenu hahamishwi," ndiyo kauli yake. Nimembembeleza, nimemfokea, nimelia kidogo, hakuna kitu. Kichwa kigumu kile unakijua, maana wewe umekirithi.

Basi uhai wa wazazi wetu unategemea kipande cha kioo. Nitapanda kukitazama kila siku na nitakuandikia ukweli. Mbusu mtoto, mwambie mama yake mkubwa anamsalimia.

Dada yako


Tarehe 18 Aprili

Dada, shikamoo,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kitandani, maana ndipo daktari aliponifunga. Mshono wa upasuaji wa uzazi umefunguka kidogo upande mmoja na hataki nipande gari lolote, seuze kuvuka daraja bovu kwa miguu. Mume wangu alitaka kuja badala yangu. Alifika mpaka njia panda, askari wakamrudisha pamoja na wengine wote. Nisamehe. Ninakaa hapa na mtoto kifuani, roho yangu iko huko.

Dada, waondoe. Kama baba hataki kwa maneno, tafuta vijana wa mtaa wambebe mama. Mimi nilishinda na vioo kazini mpaka nilipokwenda kujifungua, nikikata vya picha na vya kabati, na kila nilichokikata nilisikia sauti ya baba nyuma ya sikio. Kioo hakisemi uongo, hilo ni kweli. Lakini kinasema mara moja tu, na kikishasema mtu huwa hana muda.

Na mama anasemaje? Umeniandikia baba anasema nini, injinia anasema nini, hata paka nimeambiwa habari zake. Mama hukumtaja kwa neno lake mwenyewe. Najua anaongea kwa taabu, lakini akipewa muda anaongea. Muulize.

Nimemwandikia baba pia, karatasi yake iko ndani ya bahasha hii. Nimetumia lugha kali kidogo. Mpe ukiwa umesimama karibu na mlango.

Mdogo wako


Tarehe 24 Aprili

Fundi wangu,

Barua yako nimeipata. Nimemsomea mama yako kwa sauti, isipokuwa pale uliponiita mbishi asiye na mfano. Hapo niliruka.

Hongera kwa mtoto. Nasikia ana masikio makubwa. Hayo ni yangu, usimsingizie mumeo.

Usihangaike na habari za ukuta. Kioo ni kizima. Nakiona kila asubuhi kabla ya chai. Ardhi inajitikisatikisa bado, jana imetikisika mara kadhaa, vikombe vimecheza na kioo hakikusogea. Nyumba hii niliijenga mwenyewe, nikiwa na nguvu na mama yako akinipikia mafundi. Inajua uzito wetu.

Mama yako hali chakula vizuri, lakini si vibaya sana. Usiku hapati usingizi, ndiyo maradhi yenyewe. Namgeuza, nampa maji, tunakesha pamoja. Kumpeleka kwenye turubai, juu ya matope, mbele ya macho ya mji mzima, mtu ambaye hata kwenda chooni hubebwa, hilo sitalifanya. Alishasema anataka kukaa wapi. Nilimwahidi.

Kuna jambo moja nataka unisaidie. Dada yako anakuja hapa kila siku na uso wa mkaguzi, na anawaleta wale watoto. Mwambie asiwalete. Wana kelele na mama yako anahitaji utulivu. Mimi nikisema, ananiona babu mbaya. Wewe anakusikiliza.

Na wewe usije. Daraja halifai na tumbo lako halifai. Ukae hapo.

Baba yako


Tarehe 3 Mei

Mdogo wangu,

Leo nakuandikia nimenuna, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Nianze na jema. Kioo ni kizima. Nilipanda kila siku kama nilivyokuahidi. Tumetikiswa wiki hizi mpaka watu wamezoea. Mwalimu anasimamisha somo, ardhi ikitulia anaendelea palepale alipoachia. Ukuta wa benki umeanguka. Kibanda cha fundi viatu kimeanguka. Kioo chetu kiko palepale, kinang'aa, na baba amekaa chini yake anakunywa chai kama mfalme. Nilianza kuona aibu kwa makelele yote niliyompigia.

Halafu mvua ikaja. Ule uwanja wa mahema umekuwa bwawa. Godoro letu lilielea, mwanangu mdogo, nduguye Mdadisi, amepata kikohozi kinachonitisha, na nguo za wateja nilizookoa kwenye tetemeko zimeoza kwa maji. Nikajiambia, mwanamke wewe, unawagandisha watoto kwenye matope wakati kuna nyumba ambayo injinia mwenyewe ameiwekea shahidi na shahidi hajatikisika. Nikafunga virago nikaenda kulala dukani, pale chini, baada ya kufagia vioo vyote.

Kumbe nimekwenda kutafuta matusi. Baba alishuka akaliona godoro. Bila salamu, alilikamata akalitupa barabarani, mbele za watu. Akasema hapa si nyumba ya wageni. Akasema wanangu wanapiga kelele, wanamwua bibi yao. Mimi! Mimi ninayemfulia shuka za mama! Nikalichukua godoro nikalirudisha ndani. Akalitoa tena. Tulivutana pale mlangoni kama wagomvi wa sokoni mpaka jirani akaingilia. Mwishoni alichoka yeye, maana ni mzee, nami sikujivunia. Tunalala dukani, lakini haongei nami, na kila asubuhi ananiuliza jambo moja tu: "Unaondoka lini?"

Sikuwahi kumjua hivyo. Wewe uliyekuwa kipenzi chake labda unaweza kunieleza. Mama wa watu anaumwa juu, mjukuu anakohoa chini, na babu anataka watoto wakalale kwenye maji.

Jana ndiyo amenimaliza. Yule Mdadisi wangu alipanda juu, akasimama kwenye kiti, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kioo kutoka mwanzo mpaka mwisho kabla sijamdaka. Nilifumba macho nikisubiri damu. Hakukatwa hata kidogo, alikuwa anacheka. Baba alimnyanyua kwa mkono mmoja, akamfokea mpaka mtoto akajikojolea. Mama alikuwa anatazama na machozi yanamtoka.

Umeniuliza mama anasemaje. Baba humwuliza mbele yangu: "Sisi tupo hapahapa, au vipi bibi?" Naye huinamisha kichwa. Basi, hilo ndilo jibu lake. Ameridhika, nasi tuwaache.

Dada yako


Tarehe 11 Mei

Dada,

Toka. Usimalize kusoma. Watoe watoto, kisha rudi umtoe mama, halafu ndipo ukae mahali ukamalizie barua hii.

Uliniandikia kwamba injinia alikimenyua kile kioo kwa koleo. Kioo kilichomenyuliwa kwa koleo kina meno. Mtoto akipitisha kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, ngozi inabaki kwenye kioo. Wewe mwenyewe ulifumba macho kwa sababu unalijua hilo, umezaliwa juu ya duka la vioo. Mwanao alikuwa anacheka.

Dada, kile si kioo cha injinia. Ni cha baba.

Hawezi kuacha makali. Nilikaa naye dukani miaka yangu yote ya usichana, na hakuniruhusu kutoa kipande chochote mezani kabla sijakisugua kwenye jiwe, hata kile kitakachofichwa ndani ya fremu, hata kile kinachokwenda jalalani. Anasema atakayekiokota hana kosa. Mimi mpaka leo nasugua vipande vya takataka na bosi wangu ananicheka. Mkono wa baba unasugua wenyewe. Amekaa pale, amekata kipande cha kuwadanganya nyinyi nyote, na akakisugua.

Kwa hiyo kile cha kwanza kilipasuka. Labda na cha pili. Ukuta unatembea, dada, na wewe umelala chini yake kwa sababu ulikiamini kioo. Na mimi nilikaa hapa nikishukuru.

Sasa naelewa kwa nini aliniomba nikuambie usilete watoto. Nilidhani ni uzee. Sikukuandikia hata neno, niliona nitakuudhi bure. Najiona mjinga mpaka nashindwa kumtazama mtoto wangu.

Mume wangu amekwenda na barua hii mpaka darajani. Ameapa atampa mtu wa kuvuka nayo leo.

Mdogo wako

Na hii mpe baba:

Baba, shikamoo. Umesugua makali. Nimejua. Mtoe mama, nakuomba. Fundi wako.


Tarehe 17 Mei

Mdogo wangu,

Tumetoka. Tumetoka wote, au tuseme wote isipokuwa mmoja, nitakueleza.

Barua yako ilikaa ng'ambo kwa sababu mto ulijaa na askari walifunga hata njia ya miguu. Siku zote hizo tumelala palepale. Nilikuwa naimba nikifagia. Ilinifikia nikiwa kwenye foleni ya maji. Niliiacha ndoo, na unajua siku hizi mtu haachi ndoo.

Nilianza na watoto. Niliwasukuma nje bila viatu. Halafu nikapanda ngazi, nikapita mbele ya baba bila salamu, nikapitisha kidole changu kwenye ule ukingo. Laini kama kikombe.

Hakukana. Nilimpa karatasi yako, akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Nikamwuliza vimepasuka vingapi. Akasema hakuhesabu. Kila kilipopasuka alikibandua kabla sijapanda, akakata kingine kutoka kwenye mabaki ya duka, vile vya kwanza akavichanganya na takataka nilizozifagia mwenyewe. Nimezifagia kwa mikono yangu, mdogo wangu, nikazitupa.

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa mzazi. Nilimwambia wanangu walilala chini ya ukuta ule. Hapo ndipo alipoinua uso. "Nyinyi niliwafukuza," akasema. "Nilifanya kila nilichoweza kuwafukuza."

Na ni kweli. Alinifukuza mbele ya mji mzima. Kitu kimoja tu hakuweza kufanya, kuniambia kwa nini, maana angeniambia ningemchukua mama siku hiyohiyo. Alipima, akaona bora nimchukie. Sijui nilie au nimpige.

Nikasema basi, sasa mama anatoka. Akasimama mlangoni, mikono huku na huku, mzee yule. Akasema mama alishasema anataka kufia wapi, na yeye alimwahidi, na ahadi yake haivunjwi na kipande cha kioo. Nilikuwa naita vijana waje tumsukume. Halafu nikakumbuka neno lako la mwanzo, lile la kumwuliza mama.

Nilipanda kitandani nikalala ubavuni kwake, uso kwa uso, ili mimi wala yeye tusimwone baba. Nikamwambia, "Mama, unataka kukaa au unataka kutoka? Sema neno moja, nina muda." Baba akajibu kutoka mlangoni kwamba mama alishasema. Nikamwambia hakuulizwa yeye. Tukangoja. Mdomo wake ulihangaika, unajua unavyokwenda upande. Nilisikia ardhi ikitetema kidogo na vumbi likanishukia sikioni.

"Nitoe," akasema.

Baba hakusikia au hakutaka kusikia. Akauliza amesemaje. Mama akageuza kichwa kwa nguvu zote alizonazo, akamtazama mumewe, akarudia, na safari hii hakuna aliyeweza kusema hakusikia. "Nitoe humu."

Baba alishusha mikono kutoka mlangoni. Alihama kabisa, akaenda kusimama kwenye kona kama mtu anayepisha msafara. Tulimbeba mama juu ya mlango wa duka tulioung'oa, vijana wanne, ngazi ikilalamika kila hatua. Nilimwita baba aje. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa ameketi kwenye kitanda kitupu, chini ya ule ufa, mikono magotini.

Injinia alikuja mchana. Aliingia na kofia ya chuma, akabandika kioo kipya, na alikuwa bado hajafika chini aliposikia kimelia. Aliteremka mbio. Amepaka alama nyekundu mlangoni. Baba hataki kutoka. Amesema wamwache kidogo.

Nimempelekea chakula, nimekiacha kwenye ngazi na kushuka. Nina hasira naye, na naogopa kila nikisikia kishindo. Mama ameniuliza mara mbili yuko wapi. Nimemwambia anakuja.

Dada yako


Tarehe 2 Juni

Fundi wangu,

Dada yako bado haongei nami. Huniletea chakula kwa mkono wa Mdadisi, na mtoto hukiweka chini kwa mbali kisha hukimbia. Sina cha kulalamika. Kwa hiyo habari nakuandikia mimi, maana yeye amesema ni zamu yangu kusema ukweli.

Nilikaa ndani ya nyumba siku ile mpaka jioni. Sikukaa ili nife, usidhani hivyo. Nilikaa kwa sababu sikujua niende na uso gani mbele ya mama yako. Kisha nikaona chumba chenyewe ni chumba tu. Nikashuka.

Ukuta umeanguka Jumapili iliyopita. Hapakuwa na tetemeko. Ilikuwa mchana, watu wanapita barabarani, wengine wananunua mkate. Ulijimwaga ndani polepole, wote, kutoka kwenye dirisha mpaka kwenye pembe. Kile kitanda tulikuwa hatujakitoa. Nilikwenda kukiona. Chuma chake kimekunjika katikati, mahali mama yako alipokuwa akiweka kiuno. Nimesimama pale mpaka dada yako akaja akanishika bega na kuniondoa.

Manispaa italeta tingatinga barabara ikifunguka. Na mnara unakuja, wanasema, tutaongea kwa simu. Nimeona bora nikuandikie haya kabla, kwa sababu kwa simu nitashindwa.

Usiku wa kwanza hemani mama yako alilala. Alilala kabla giza halijashika vizuri, mdomo wazi, anakoroma kama zamani. Mimi nilikaa macho nikimsikiliza. Wiki zote zile nilikuandikia kwamba hapati usingizi kwa sababu ya maradhi. Hayakuwa maradhi. Alikuwa ananiangalia mimi na anauangalia ukuta.

Sasa mimi humwuliza kila kitu. Namwuliza mlango wa hema uwe wazi au ufungwe, chai iwe moto au vuguvugu, alale upande gani. Juzi ameniambia nimpumzishe na maswali. Dada yako alicheka, kisha akakumbuka kwamba amenuna.

Lakini lipo moja nilikuwa naliogopa, nikalihifadhi mpaka jana. Tulikuwa wawili. Nilimwuliza kama alijua habari za vioo. Akasema alijua tangu cha kwanza. Kitanda kilikuwa chini yake, angekosaje kusikia kikipasuka? Kila mara alinisikia nikikata, nikisugua, nikipanda kwenye kiti. Alijua ukuta unakuja. Alilala pale anahesabu pumzi na hakusema kitu, na kila nilipomwuliza tupo hapahapa aliinamisha kichwa.

Nikamwambia, mke wangu, mimi nilikaa kwa ajili yako. Yale maneno ya jeneza, mimi niliyabeba kama yalivyo. Akasema yale aliyasema kwa hasira, siku aliyotoka hospitali, alikuwa amechoka na manesi. Hata hakuyakumbuka.

Ndipo nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alikaa muda mrefu akitafuta maneno, nami sikumsaidia, nimejifunza kutomsaidia. Mkono wake mzima aliuweka juu ya mkono wangu, hapa kwenye makovu ya vioo.

"Ulikuwa unajitahidi sana," akasema.

Ni hayo tu, mwanangu. Daktari akikuruhusu, uje na mtoto. Mama yako anataka kumwona. Nilimwuliza.

Baba yako